Shahada ya uhasibu, kazi ya keshia: kisa cha duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani

Mhusika wa kisa hiki ana shahada ya uhasibu na fedha aliyoipata mwaka 2021 katika chuo kikuu cha umma. Tangu Julai 2022 amekuwa keshia wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi katika mojawapo ya barabara za Ngamiani, Tanga mjini. Alianza kwa shilingi 180,000 kwa mwezi, na Januari 2024 akaongezwa hadi 200,000. Alikuwa analipwa mkononi, bila mkataba. Tajiri, yaani mwenye duka, alipokuwa anatafuta mtu hakutaja shahada. Alitaka aliyemaliza kidato cha nne, mwaminifu, anayeweza kutumia mashine ya risiti. Binti ameridhia niandike habari zake, ila bila jina lake wala la duka.

Katika uainishaji wa kazi unaotumiwa na Shirika la Kazi Duniani, ISCO-08, ujuzi umepangwa kwa ngazi nne. Keshia yupo ngazi ya pili, mhasibu yupo ngazi ya nne. Kwa kipimo hicho mhusika wetu ameshuka ngazi mbili. Njia yenyewe ni rahisi: unachukua elimu ya mtu, unachukua jina la kazi yake, unalinganisha. Kwa kuhesabu nchi nzima inafaa. Kwa mtu mmoja inaficha jambo ambalo mimi, niliyeshughulika na masuala ya waajiriwa kwa muda mrefu, naliona mara kwa mara: jina la kazi hubaki pale pale huku kazi yenyewe ikikua. Na kazi iliyokua bila kuandikwa popote humdhuru mhitimu kuliko udogo wa cheo alichoanzia.

Alivyofika dukani

Nyumbani kwao ni Makorora. Mama yake anauza chai na vitumbua asubuhi, na kwa biashara hiyo amesomesha watoto. Mjomba wake aliajiriwa zamani kiwanda cha mbolea akiwa na cheti cha kidato cha nne tu. Tanga ile ilikuwa na kiwanda cha mbolea, kiwanda cha chuma, Sikh Saw Mills, reli na mashamba ya mkonge. Kijana aliyesoma kidogo alipata pa kuingilia, na mengine akafundishiwa ndani. Viwanda vingi vya wakati huo vilifungwa, lakini hesabu ya wazee haikubadilika: kama kidato cha nne kilimpeleka mjomba kiwandani, shahada itampeleka binti mbali zaidi.

Alikaa nyumbani karibu mwaka mzima akiomba kazi, nyingi kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Wapo wanaowalaumu wahitimu kwa kuing'ang'ania serikali, na mimi sikubaliani nao. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000. Yaani hata aliye chini kabisa serikalini anapata zaidi ya mara mbili ya alichokuwa anapata msomi huyu dukani, tena na pensheni na likizo juu yake. Anayesubiri foleni hiyo ana sababu nzuri. Tatizo ni urefu wa foleni. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, walioomba walizidi 135,000, zaidi ya watu 80 kwa kila nafasi. Mhusika wetu alikuwa mmoja wao, na hakuvuka mtihani wa kuandika.

Watu walimwambia pia aende bandarini, aende Chongoleani. Ushauri huo una msingi. Upanuzi wa Bandari ya Tanga uligharimu shilingi bilioni 429.1, na kina cha maji kilichimbwa kutoka mita 3 hadi 13. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia kwenye rasi ya Chongoleani. Aliomba kotekote na hakupata. Lakini shughuli hizo zilimfikia kwa mlango mwingine, kwa sababu mji unaojenga hununua saruji na nondo.

Kazi iliyokuwa ndani ya kazi

Hapa ndipo nilipokaa naye kwa muda mrefu zaidi. Nilimwomba asinieleze cheo chake, anieleze tu anafanya nini tangu duka linapofunguliwa saa mbili asubuhi hadi linapofungwa saa kumi na mbili jioni. Mwanzoni alisema, "Napokea hela, natoa risiti." Nikamwambia aendelee. Ikachukua mchana mzima.

Miezi ya kwanza ilikuwa hivyo kweli: kupokea pesa, kutoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na kufunga hesabu jioni. Mafundi walikuwa wanamwita Msomi, wengine kwa upendo, wengine kwa kumchoma. "Msomi, nipimie misumari ya inchi nne kilo mbili." Aliniambia neno hilo lilimuuma mwaka wa kwanza, na kwamba kilichomtoa kwenye uchungu huo ni nondo.

Duka linanunua nondo kwa tani na kuziuza kwa moja moja. Tajiri, kwa mazoea ya miaka, alikuwa anagawa bei ya tani kwa 100 kupata gharama ya nondo moja ya milimita 12. Binti akakaa na kalamu. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7, kwa hiyo tani moja hutoa nondo 93 au 94. Bei ya kuuzia ilikuwa inapangwa juu ya gharama ya chini kuliko ya kweli, na faida aliyodhani anaipata kwenye kila nondo ilikuwa inaliwa bila yeye kujua. Akaanza daftari: kila mzigo unaoshushwa, umetoka kwa nani, tani ngapi, nondo ngapi zimehesabiwa mlangoni. Bei ikarekebishwa. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Darasani wanaiita hesabu za gharama, na pale ilifanywa na mtu ambaye kazini anajulikana kama wa kukatia risiti.

Ya pili ni kodi. Duka limesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na kila mwezi ritani, yaani taarifa ya kodi hiyo, inatakiwa iwasilishwe kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Tajiri alikuwa na mhasibu wa nje anayelipwa 150,000 kwa mwezi. Mhasibu huyo alikuja mwishoni, akakuta risiti zimepungua, na kodi iliyolipwa kwenye manunuzi yasiyo na risiti halali ya EFD haiwezi kukatwa kwenye kodi ambayo duka linadaiwa. Mwenye duka akawa anatoa asilimia 18 ambayo sehemu yake angeweza kuikata kihalali. Binti akaanza kuwabana wauzaji: hakuna risiti, mzigo haushuki. Kufikia 2023 karatasi zote zilikuwa zinaandaliwa naye, na mhasibu wa nje alibaki kubonyeza na kutuma.

Ya tatu ndiyo iliyobadilisha duka. Mwaka 2023 serikali ilianza kutumia mfumo wa NeST kwa ununuzi wa umma badala ya mfumo wa zamani wa TANePS. Shule inayojenga darasa au kituo cha afya kinachotaka mabati haviwezi tena kupita dukani kwa kufahamiana tu. Muuzaji lazima awe amesajiliwa humo, na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni yake viwe sawa. Wafanyabiashara kadhaa wa mtaani waliona mauzo ya serikali yanapotea wasijue yamekwenda wapi. Yeye alijifunza mfumo usiku kwa simu, akalisajili duka mwaka 2024, akaanza kujibu zabuni ndogo ndogo. Malipo yalipoanza kuingia yakiwa yamekatwa asilimia 2 ya kodi ya zuio, tajiri alidhani ameibiwa. Binti ndiye aliyemweleza kwamba makato hayo yana hati, na hati hiyo hupunguza kodi yake ya mwaka.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kama mchambuzi, kama elimu yake inapotea bure dukani, lilibadilika. Alichosomea kilikuwa kinatumika karibu chote. Kilichokuwa chini ya elimu yake ni mshahara, cheo na kumbukumbu.

Barua ya mistari mitatu

Mwanzoni mwa 2025 kampuni moja ilitangaza nafasi ya mhasibu mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Alikuwa anakaribia kuufikisha. Wakataka barua ya mwajiri. Tajiri aliiandika siku hiyohiyo, akapiga na mhuri: anamfahamu, amefanya kazi dukani kwake, ni mwaminifu na mchapakazi, anamtakia kila la heri.

Hakuitwa. Siwezi kusema barua ndiyo sababu, kwa kuwa waombaji walikuwa wengi. Ila niliisoma, na ningekuwa mimi ndiye ninayechambua maombi ningeiweka pembeni. Ilisifu tabia, haikutaja kazi hata moja. Aliporudi kumweleza, tajiri alishangaa kweli.

"Binti yangu, mimi nimekuandika ulivyo. Wewe mwaminifu, na hilo ndilo kubwa."

"Ni kweli, Mzee. Lakini wao wameuliza nafanya nini."

Mchumi Michael Spence, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2001, alieleza mwaka 1973 kwamba mwajiri asiyeweza kuuona uwezo wa mwombaji moja kwa moja husoma ishara, na elimu ni mojawapo. Mhitimu mpya anabebwa na shahada yake. Miaka inavyopita mwajiri anauliza, baada ya chuo ulifanya nini? Asipopata jibu lililoandikwa, anachukua mhitimu wa mwaka huu. Hivyo kila mwaka wa kazi isiyo na karatasi unamrudisha binti nyuma, ingawa kichwani anazidi kupevuka. Hata kwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambako anataka kusonga hadi CPA, ngazi ya mhasibu aliyeidhinishwa, mitihani peke yake haimalizi safari. Uzoefu nao unatakiwa, na uzoefu ni ule unaothibitika.

Sheria haiko kimya hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: jina na mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, saa, malipo, pamoja na maelezo ya kazi yenyewe. Shauri likifika mbele ya vyombo na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unakuwa wake. Na ajira ikikoma, mfanyakazi anastahili hati ya utumishi. Wahitimu wengi ninaokutana nao wanajua GPA yao hadi nukta ya pili lakini hawajawahi kusikia kifungu hiki.

Kwa nini karatasi zinaogopwa na pande zote mbili

Ingekuwa rahisi kumlaumu tajiri na kumaliza. Lakini binti mwenyewe, nilipotaja mkataba, hakufurahi. Alikuwa amekwisha piga hesabu zake.

Tuzichukue hizo hesabu. Tuseme anaandikwa rasmi na mshahara unapanda hadi 350,000. Michango yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 35,000. Inabaki 315,000 ya kutozwa kodi. Kwa kuwa 270,000 za mwanzo hazitozwi na zinazofuata zinatozwa asilimia 8, kodi ni 3,600. Halafu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu: asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 52,500. Mkononi anabaki na 258,900. Nyongeza ya 150,000 kwenye karatasi imekuwa 58,900 mfukoni, na katika hizo anatazamia kulipia masomo ya bodi ya wahasibu. Deni lake la mkopo ni zaidi ya milioni 9. Kwa 52,500 kwa mwezi atalipa kwa zaidi ya miaka 14.

Ndiyo maana vijana wengi wanajificha kwenye ajira za mkononi. Nawaelewa, ila nadhani wanakosea mahali pamoja. Deni halifutiki kwa kujificha, na mwajiri naye anatakiwa kisheria kumtaarifu Bodi ndani ya siku 28 anapomwajiri mnufaika wa mkopo. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya deni livimbe kila mwaka, iliondolewa 2021, kwa hiyo kila senti inayokatwa sasa inashusha deni kweli. Anayelipa akiwa na miaka 27 atakuwa huru akiwa na nguvu za kujenga. Anayesubiri ataanza kukatwa wakati watoto wanadai ada.

Tajiri naye ana hesabu zake. Alikuwa anatoa 200,000 kwa binti na 150,000 kwa mhasibu wa nje, jumla 350,000 kila mwezi. Akimpandisha binti hadi 350,000 na kuongeza asilimia 10 ya NSSF ya upande wake, 35,000, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, 1,750, jumla ni 386,750. Tozo ya ujuzi, SDL, haimgusi, kwa kuwa wafanyakazi wake hawafiki kumi. Akibaki na mhasibu wa nje kwa hesabu za mwaka tu, ambazo tangu zamani anazilipia mbali, tofauti ni 36,750 kwa mwezi. Nondo peke yake zilikwisha kurudisha zaidi ya hiyo.

Kikao

Mjomba aliniomba niende naye na binti kuzungumza na tajiri. Mama alikuwa na wasiwasi. "Mwanangu, usigombane na mtu aliyekupa riziki." Tulikwenda baada ya sala ya alasiri, tukakaribishwa kahawa na kashata, na hatukuanza na sheria. Wapo wenzangu wanaoamini kifungu kitajwe kwanza. Katika duka la watu sita, ambako mwenye duka anamwita mfanyakazi binti yangu na anamaanisha, kuanza na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ni kufunga mazungumzo. Binti aliweka mezani kurasa mbili alizoandika mwenyewe: kazi anazofanya kila siku, kila mwezi na kila mwaka, na pembeni kila moja imelisaidia nini duka.

Mzee alizisoma kimya. Kisha akasema kilichokuwa moyoni: "Nikimwandikia haya yote, kesho anaondoka."

Hofu yake ni ya haki. Ataondoka siku moja, na sikumficha. Nilimuuliza tu: Mzee, akiondoka leo, nani anajua kuingia NeST? Akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe na simu ya binti. Nani anajua fundi gani anadaiwa na tangu lini? Mzee akanyamaza kidogo, akamwita kijana wake wa stoo. Nadhani hapo ndipo alipoona kwamba kazi isiyoandikwa inaweza kumponyoka yeye kama inavyomponyoka binti. Kifungu cha 15 tulikifikia baadaye, akiwa mwenyewe anauliza karatasi hiyo inaandikwaje.

Tuliyokubaliana yalianza Septemba 2025. Cheo ni msimamizi wa hesabu na zabuni. Mshahara 350,000, NSSF na Bodi ya Mikopo vinakatwa. Akaunti ya NeST imehamishiwa barua pepe ya duka, na kijana wa stoo anafundishwa kuitumia. Misimu ya mitihani ya bodi ya wahasibu, Mei na Novemba, anapewa ruhusa. Na tajiri ameandika barua ya pili inayotaja kazi moja moja tangu Julai 2022, kila moja na mwezi ilipoanza. Kwangu barua hiyo ina thamani kuliko nyongeza ya mshahara, na ndiyo ningewaomba wahitimu walio madukani, kwenye vibanda vya uwakala na kwenye maghala waidai mapema, wakati wangali wanaelewana na waajiri wao.

Ambayo hayajaisha

Saa za kazi bado hazijanyooka. Ukitoa saa moja ya chakula, anafanya saa tisa kwa siku sita, jumla 54 kwa wiki, wakati sheria inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida na zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Tajiri amekubali Jumamosi iwe nusu siku. Mpaka sasa imetokea mara chache.

La pili ni zito zaidi. Kuanzia Julai 2022 hadi Agosti 2025 ni miezi 38 isiyo na mchango hata mmoja wa NSSF. Kwa asilimia 20 ya mshahara aliokuwa analipwa ni zaidi ya shilingi milioni 1.4, na pensheni ya NSSF inadai michango ya miezi 180. Tajiri amesema ya nyuma yaishe. Binti ameamua kuyaacha, kwa heshima na kwa sababu anahitaji amani hadi amalize mitihani. Nimemwambia sikubaliani naye, kwa kuwa ile ni miezi ya uzee wake mwenyewe, na yapo mapatano ya kulipa kidogo kidogo ambayo hayavunji undugu. Tumepanga na mjomba kulirudisha suala hilo mezani hesabu za mwaka zitakapofungwa, na safari hii karatasi za miezi hiyo 38 ataziandaa binti mwenyewe.